Nani Kasema Baba Zetu Hawana Ujuzi?

Kuna dada mmoja wa shirika, mtu mzuri tu wala simsemi vibaya, alirudi kutoka likizo ya Kenya akatuonyesha picha kwenye simu. Yeye, mume wake, shemeji yake na marafiki wawili walikodi boti pale Watamu wakalala baharini usiku kucha. Walikuwa wanamtafuta yule samaki mkubwa mwenye pua ndefu kama panga, wa jamii ya nduaro. Mchana samaki huyo huzama chini mamia ya mita. Usiku hupanda juu kuwafuata ngisi na samaki wadogo. Basi wanaomtaka hutoka jioni, wakafika mbali na nchi kavu, wakaiacha boti ielee na kushusha chambo chenye kitaa kidogo kinachowaka ndani ya maji. Halafu wanangoja. Chai inapita, hadithi zinapita, mmoja analala, mwingine anashika kamba. Dada alituambia hajawahi kujifunza mambo mengi kwa usiku mmoja kama ule. Na nahodha, alisema, ni mtaalamu kabisa.

Sawa. Namwamini.

Siku hizohizo shirika jingine lilikuwa linaandikisha watu wa zone yetu kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Mzee mmoja, jirani yangu, mtu wa miaka sabini na kitu, akaulizwa alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kukimbia. Akajibu: mvuvi. Kijana wa kuandika akaitazama karatasi yake. Kuna kisanduku cha fundi ujenzi, cha fundi cherehani, cha seremala, cha mwalimu, cha mkulima, cha mfugaji. Cha mvuvi hakuna. Akafikiri kidogo, akaweka alama kwenye kisanduku cha mwisho kabisa: hana ujuzi maalumu. Mzee akapiga dole gumba, akaenda zake.

Ninaandika kukikataa kisanduku kile. Najua wengine watasema huyu naye kakosa la kuandika, mgao umepungua, watu wanahangaika, yeye anagombana na karatasi. Lakini karatasi ndiyo inayoamua nani atafundisha na nani atafundishwa, nani atalipwa posho na nani atakaa kwenye benchi. Na tukirudi nyumbani siku moja, karatasi hiyohiyo ndiyo itakayosema tulirudi na nini kichwani.

Sikilizeni kwanza kazi yenyewe, maana nashuku wengi wanaozichapa fomu hawajawahi kuiona.

Mimi ni mtoto wa pwani ya Fizi, upande wa rasi ya Ubwari. Nilianza kutoka usiku na baba nikiwa na miaka kumi. Vita ilipofika mwaka 1996 nilikuwa na kumi na tatu. Chomboni tulikuwa sita: baba, baba mdogo, mjomba, shemeji wa baba, rafiki yake mmoja ambaye alikuwa jirani yetu, na mimi wa kukumba maji. Mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, wavu umetandikwa katikati kama shuka, karabai zimening'inia. Kwetu mafuta ya taa tunaita petroli, na yale ya gari ni esansi. Tulipofika Tanzania mama alikwenda dukani kuomba petroli ya taa, muuzaji akamuuliza gari lake kaliacha wapi.

Kalenda ya kazi ilikuwa mwezi. Mwezi ukiwa mpevu hakuna kwenda, kwa sababu taa haiwezi kushindana nao na samaki wanakuwa wametawanyika. Siku hizo ni za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulipa madeni na kuoza watoto. Harusi za kijiji chetu zilimfuata mwezi kuliko zilivyomfuata padri.

Giza likirudi, tunatoka jua likizama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale penye kina kirefu zaidi, ni la pili duniani baada ya Baikal. Lakini kushuka chini ya mita mia moja au mia mbili, kutegemea uko kaskazini au kusini, maji hayana hewa ya kupumua samaki. Samaki wote wa kuvuliwa wanaishi kwenye ile ngozi ya juu. Baba yangu hakulijua neno oksijeni. Alijua tu kwamba kushusha wavu kupita kipimo fulani ni kuosha kamba. Alijua pia kwamba mchana vile vidudu vidogo vya majini hushuka na usiku hupanda, na kwamba ndagala, ambao hapa mnawaita dagaa, huvifuata, na mgebuka huwafuata ndagala. Taa inakusanya vidudu, vidudu vinaleta ndagala, ndagala wanamleta mgebuka. Ni elimu ileile ya Watamu, ya samaki mkubwa kupanda gizani kumfuata mdogo, na ya taa kufanya kazi ya chambo. Miaka ya 1990 FAO na Finland waligharamia utafiti mkubwa wa ziwa letu, na watafiti wakapima hayohayo kwa vyombo vyao. Vizuri sana, tunawashukuru. Lakini aliyeyapima mambo hayo akaitwa mtaalamu, na aliyeyajua tangu akiwa na miaka kumi kawekwa kisanduku cha mwisho. Nani anieleze.

Na hiyo bado ni sehemu rahisi. Baba mdogo alikuwa analala kifudifudi ukingoni, uso karibu kuguse maji, anaangalia chini ya taa. Kwanza ni nukta tu. Baadaye nukta zinakuwa fedha inayozunguka, duara moja kubwa linaloenda upande mmoja. Duara likikatika ghafla, ujue mgebuka amefika chini na anawala. Sasa ni kuamua: unyanyue upesi kabla ndagala hawajatawanyika, au ungoje mgebuka apande? Taa za pembeni zinazimwa moja moja, ili samaki wote waje kwenye ile iliyo juu ya wavu, halafu nayo inapunguzwa polepole wasije wakashtuka. Hapo hakuna kuongea. Baba mdogo anagonga mti mara moja, watu watano wanavuta pamoja kwa mwendo mmoja. Mmoja akiwahi, wavu unalala upande na kazi ya saa tatu inamwagika. Nilipigwa kofi la kisogo mara nyingi kabla sijaujua mwendo ule, na sidai fidia.

Lakini kama ningeulizwa ujuzi wa mvuvi ni upi hasa, nisingetaja wavu wala taa. Ningetaja kurudi.

Kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, upepo wa kusini unavuma juu ya ziwa na unaweza kuleta mawimbi ambayo mtumbwi hauyawezi. Upepo hauji wa kwanza. Kwanza linakuja wimbi refu, jepesi, halina povu, linainua chombo na kukishusha kama mtu anayepumua usingizini. Asiyejua analala vizuri zaidi. Mjomba alikuwa anaamka. Ananusa, anaangalia nyota za chini kabisa upande wa kusini kama bado zinaonekana, halafu anasema neno moja tu: "Turudi, bana." Na hapo ndipo penye mtihani, kwa sababu mafuta ya taa yamekopwa, wavu umekopwa, nyumbani wanangoja, na chini ya taa duara la fedha ndiyo kwanza linaanza kuzunguka. Nimemwona baba akigeuza chombo kitupu namna hiyo, kimya, samaki wakionekana kwa macho. Usiku ule jirani zetu walibaki, kwa sababu deni lao lilikuwa kubwa kuliko letu. Watu wawili kati yao hawakurudi, na sisi tulikula muhogo mtupu siku nne.

Kumbukeni hilo, mnaotoa mafunzo ya ujasiriamali kwa siku tatu, mkiandika kwenye ubao maneno "kupima hatari".

Mama naye msimsahau. Asubuhi yeye na dada zake walikuwa wanangoja mchangani na mabeseni. Gharama ya mafuta inatolewa kwanza, nusu ya kinachobaki ni ya mwenye chombo, nusu nyingine wanagawana waliokesha, na mtoto wa kukumba maji anapewa beseni lake dogo. Kutoka hapo kazi ni ya wanawake: kuanika, kugeuza, kuotea mvua, kujua bei ya Uvira imepanda au imeshuka, kujua nani anakopesheka na nani mwongo. Mama aliweka hesabu za watu ishirini kichwani bila daftari. Kwenye fomu yake wameandika mama wa nyumbani. Leo anakwenda soko la kambini kununua dagaa wa Kigoma kwa fungu, waliokauka na mchanga ndani, na kila mara anarudi akilalamika namna walivyoanikwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sijawahi kulisikia likisemwa mbele ya mgeni yeyote wa kambi hii.

Mwaka 1996 wengi wetu wa Fizi hatukuja Tanzania kwa gari. Tulivuka ziwa. Upana wake wa wastani ni kama kilomita 50, na mwisho wa mwaka ni majira ya mvua na radi. Tulivuka usiku, katika mitumbwi ileile ya ndagala, nyavu zimeachwa ufukweni ili watu wapate nafasi. Karabai zilikuwemo lakini hazikuwashwa. Kulikuwa na watu wa milimani ambao hawajawahi kukanyaga maji yanayopita magoti, wanawake wenye mimba, wazee, kuku. Waliotuongoza walishika njia kwa nyota na kwa upepo wa shavuni, wakasoma wimbi kama kila siku, wakajua saa ya kutoka na saa ya kungoja. Novemba mwaka ule Nyarugusu ikafunguliwa, tukahesabiwa vichwa, tukapewa turubai. Aliyeshika kasia naye akahesabiwa kichwa kimoja. Hakuna aliyemuuliza umefikaje.

Hao ndio wasio na ujuzi maalumu.

Nimejadiliana jambo hili na watu, na majibu yao nayajua. La kwanza ni sheria. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inatutaka tukae kambini, na asiye na kibali hatoki; ziwa liko mbali, kwa hiyo uvuvi unatuhusu nini? Mimi hapa siombi kibali cha kwenda Kigoma kuvua. Nchi iliyotupokea ina sheria zake na wavuvi wake. Ninasema kuhusu kufundisha, na kufundisha hakuhitaji ziwa kwa kila somo. Kushona wavu ni kazi ya kivulini. Kusoma nyota ni hapahapa, anga la Nyarugusu ni lilelile na umeme hautusumbui. Kugawana mapato, kuhesabu mwezi, kujua dalili za upepo, namna ya kupakia chombo, cha kufanya kikipinduka: yote hayo mzee anaweza kuyasema akiwa amekaa kwenye kigoda.

Jibu la pili linatoka kwa watu wa mazingira, na ni zito. Ziwa limechoka. Nchi nne zinazolizunguka zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Sasa wewe unataka kuongeza wavuvi? Hapana. Hao vijana wataingia majini tukitaka tusitake, kwa sababu wakirudi Baraka au Mboko watakuta mashamba yana wenyewe na ziwa haliulizi hati. Swali ni wataingia wakijua nini. Asiyejua lolote anaanza pwani, na chandarua, anakomba vifaranga, maana hiyo haihitaji mwalimu. Sisemi wazee wetu walikuwa malaika. Kokoro lilivutwa ufukweni kwetu pia, nimeliona. Lakini mtu aliyelelewa kwenye kazi ambayo mwezi unamsimamisha kila mwezi hashangai sana serikali inapomwambia pumzika.

La tatu ndilo linalonichekesha: tuwafundishe basi mabwawa ya perege. Wafundisheni. Perege wa bwawani ni ufugaji na ni mzuri, kama kuku. Asiyejua tofauti ya bwawa na Tanganyika na aende siku moja akalale katikati yake.

Nawageukia sasa wa kwetu, nisije nikaonekana kama najua tu kuwasema wageni. Nani alianza kuwaambia watoto "usiposoma utakuwa mvuvi kama babu yako"? Si sisi? Mwalimu analisema darasani, mama analisema jikoni, na babu amekaa pale pale anasikia. Halafu tunashangaa kijana hataki kumuuliza kitu. Na ninyi wazee, mmezidi upande wa pili. Kila mwaka mgebuka wa hadithi zenu anaongezeka urefu. Mtu anawauliza mlijuaje upepo unakuja, mnamjibu kwa wimbo wa majonzi kuhusu nyumbani, machozi, basi. Kijana hahitaji machozi yenu. Anahitaji kujua lile wimbi refu linapita mara ngapi kabla ya upepo.

Binamu yangu mmoja alipata safari ya Marekani. Alitutumia picha akiwa na fimbo ya kuvulia kando ya ziwa dogo, mchana kweupe, peke yake. Akaeleza kwamba kule lazima ulipie leseni, na kwamba samaki aliyemvua alimrudisha majini. Yule mzee jirani yangu akaitazama picha muda mrefu. "Kamrudisha? Kwani alikuwa mgonjwa?" Tulicheka sana. Lakini mimi nilibaki na lile neno leseni. Mvuvi wa mapumziko, wa saa mbili za Jumamosi, ana karatasi ya serikali inayosema huyu ni mvuvi. Mtu aliyekesha ziwani miaka thelathini na kuvusha kijiji kizima ana kisanduku cha mwisho.

Ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, na najua mnalisoma kwa sababu mnatuuliza nani aliandika nini: jambo lenyewe si la bajeti kubwa. Ongezeni neno moja kwenye fomu, mvuvi, na jingine chini yake, mwanikaji na mfanyabiashara wa samaki. Mzee akifundisha, apewe posho ileile anayopewa anayefundisha sabuni. Sina ugomvi na sabuni. Lakini waliofundishwa sabuni sasa ni wengi kuliko wanaonunua, na vijana waliozaliwa hapa baada ya 1996 wanakaribia miaka thelathini bila kujua upepo wa ziwa la baba zao unatokea upande gani. Mnapowapa karatasi ya kurudi kwa hiari mnawauliza maswali mengi, kama wana ndugu, kama wana nyumba. Waulizeni pia kama wanajua kuogelea.

Sisi hatungojei. Tangu mwezi uliopita kila Jumamosi saa kumi jioni wazee wanne na mama wawili wanakaa chini ya mwembe nyuma ya kanisa, na yeyote anakaribishwa, msichana au mvulana. Wiki ya kwanza walikuja vijana watatu, na mmoja alikuwa amekuja kumtafuta mbuzi wake. Jumamosi iliyopita walikuwa kumi na moja. Wamejifunza fundo mbili na kuhesabu siku za giza. Wavu tumeanza kuushona kwa nyuzi za magunia, hautavua kitu lakini matundu yake ni ya kipimo. Karabai moja imepatikana, mzee mmoja alikuja nayo mwaka 1996 na ameificha chini ya kitanda tangu Lugufu. Pampu bado inashika. Kinachokosekana ni kile kifuko cheupe cha ndani kinachowaka, na sokoni hapa hakuna. Mwenye safari ya Kigoma atuletee viwili, kimoja huwa kinapasuka njiani.